Kuanzia Mwisho: Jibu kwa Mwalimu Anayeandaa Mada ya Sehemu

Swali: "Nimefundisha hisabati kwa miaka 4, na sasa nina wanafunzi wa umri wa miaka 10 na 11. Maandalio yangu ya somo huwa kamili na wanafunzi hufurahia vipindi, lakini nikibadilisha kidogo tu umbo la swali kwenye mtihani wengi huanguka, hasa katika mada ya sehemu, kama 1/2 na 3/4. Kwenye semina tuliambiwa tupange masomo kwa kuanzia kwenye malengo ya ujifunzaji. Sikuona jipya, kwa kuwa kila andalio ninaloandika lina malengo juu kabisa ya ukurasa. Tofauti hasa iko wapi, na nitaifanyaje ilhali muhtasari wa somo umeshapangwa na muda hautoshi? Tena, je, wanafunzi waonyeshwe mapema watakachopimwa?"

Jibu: Mwalimu mwenzangu, nianzie pale uliposema kwamba malengo tayari yako juu ya ukurasa, kwa sababu nadhani ndipo tatizo lako lilipojificha. Lengo kuandikwa juu ya ukurasa ni jambo moja, na lengo kufikiriwa kabla ya mengine ni jambo jingine. Wengi wetu, nami nimo kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri, hufungua kitabu cha kiada kwenye mada inayofuata, huchagua shughuli na zana, hugawa dakika, kisha hurudi juu na kuandika lengo linaloshabihiana na yale yaliyokwisha pangwa. Ukitaka kujua kama ndivyo ufanyavyo, chukua andalio lako la wiki iliyopita, lifunike lengo kwa karatasi, halafu usome yaliyobaki na ujiulize ni shughuli ipi ingebadilika kama lengo lingekuwa tofauti kidogo. Usipoiona hata moja, lengo lile lilikuwa pambo.

Kuhusu lililo jipya, una haki ya kuuliza, maana wazo la kuanza na malengo ni la zamani. Ralph Tyler, mtaalamu wa mitaala wa Marekani, aliliweka wazi mwaka 1949 kwa maswali 4: shule inakusudia kufikia nini, mwanafunzi apitie mambo gani ili kufikia hayo, mambo hayo yapangwe vipi, na tutajuaje kama yamefikiwa. Tazama mpangilio huo: swali la kujua kama tumefika linakuja mwisho, kama linavyokaa mwishoni mwa fomu nyingi za andalio la somo. Mwaka 1998 Wamarekani wengine wawili, Grant Wiggins na Jay McTighe, walitoa mpango wenye hatua 3 ambao uliisogeza tathmini mbele. Kwanza unaamua matokeo unayoyataka, pili unaamua ni ushahidi gani utakaokuthibitishia kwamba matokeo hayo yamepatikana, na tatu ndipo unapopanga shughuli za darasani. Tofauti unayoitafuta iko katika hatua hiyo ya pili. Mwalimu anayetoka kwenye lengo na kurukia shughuli, hata kama lengo lake ni zuri, bado hajajiuliza angetosheka na kitu gani mkononi mwa mwanafunzi.

Wiggins na McTighe walitaja pia makosa mawili yanayozuka pale hatua hiyo inaporukwa. La kwanza ni kufundisha kwa kumaliza mada, yaani ukurasa baada ya ukurasa hadi kitabu kiishe. La pili ni kufundisha kwa shughuli tupu, ambako mikono ina kazi na akili imepumzika. Kwa jinsi ulivyoeleza vipindi vyako, nashuku lako ni hilo la pili, na nalijua vizuri kwa sababu lilikuwa langu. Niliwahi kuandaa kipindi cha sehemu ambacho wanafunzi walikata duara za karatasi, wakazikunja, wakapaka kila kipande rangi yake na kuzibandika ukutani. Darasa lilipendeza, na kila mgeni aliyeingia alisifu. Wiki iliyofuata niliuliza ipi kubwa kati ya 1/6 na 1/8, na zaidi ya nusu ya darasa wakajibu 1/8, kwa kuwa 8 ni kubwa kuliko 6, huku duara zao zikiwatazama kutoka ukutani. Nilipozichunguza zile duara niligundua kwamba nusu nzima ya kipindi ilikuwa imekwenda kwenye kupaka rangi, na hakuna dakika hata moja ambapo mtoto alilazimika kuweka kipande kimoja juu ya kingine na kusema kipi kimezidi.

Sasa tuichukue mada yako hatua kwa hatua, tukianza na matokeo. Muhtasari utakuwa umeandika kitu kama "kulinganisha sehemu". Hiyo ni mada, na mada inaonyesha tu eneo la kazi bila kusema mtoto atoke na nini. Walimu wengi hujaribu kurekebisha hapo kwa kubadilisha kitenzi. Ushauri huo una asili yake: Robert Mager, mwandishi wa Marekani wa masuala ya ufundishaji, mwaka 1962 alisisitiza kwamba lengo litaje tendo linaloonekana, hali ambamo tendo hilo litafanyika, na kiwango cha kukubalika, na tangu hapo kitenzi "kuelewa" kikawa kama mwiko katika maandalio kwa sababu hakionekani kwa macho. Orodha za vitenzi zinazozunguka kwenye semina nazo zimejengwa juu ya ngazi 6 za kufikiri za Benjamin Bloom na wenzake za mwaka 1956, zilizopitiwa upya mwaka 2001. Sizidharau orodha hizo, ila nimeona madhara ya kuzitegemea peke yake. Mwalimu anaweza kuandika "mwanafunzi aweze kubainisha sehemu iliyo kubwa", kitenzi kikawa kizuri na mkaguzi akaridhika, na bado asijue mwenyewe ni jambo gani hasa anataka likae kichwani mwa mtoto.

Mimi hufanya hivi: kabla ya kitenzi chochote, naandika sentensi nzima inayoanza na "Nataka mwanafunzi aelewe kwamba…" na najilazimisha kuimaliza. Neno "kwamba" ndilo lenye kazi, kwa kuwa linakunyima nafasi ya kuandika jina la mada na kuondoka. Kwa mada yako sentensi inaweza kuwa hii: nataka mwanafunzi aelewe kwamba ukubwa wa sehemu hauko katika kiasi (namba ya juu) peke yake wala katika asili (namba ya chini) peke yake, bali katika uhusiano wa namba hizo mbili, na kwamba sehemu mbili zinaweza kulinganishwa pale tu zinapohusu kizima kimoja. Sentensi hiyo imebeba mambo mawili ambayo "kulinganisha sehemu" haikuyataja kabisa, na utaona jinsi yanavyobadilisha kila kinachofuata. Chini yake orodhesha kwa haraka maarifa na stadi ndogo zinazohitajika, kama vile kujua kiasi na asili ni nini, kupata sehemu zilizo sawa, kuweka sehemu kwenye mstari wa namba. Hapo usikawie, kwa kuwa kitabu cha kiada tayari kimekufanyia kazi hiyo vizuri.

Ushahidi ndio unaostahili muda wako, na kama una saa 2 tu za kuandaa mada nzima, saa moja itumie hapa. Kaa na sentensi yako na ujiulize maswali mawili kwa kila zoezi unalofikiria kulitoa. La kwanza: je, mwanafunzi anaweza kulipata zoezi hili bila kuwa na uelewa ninaoutaka? La pili: je, anaweza kulikosa ilhali uelewa anao? Zoezi likijibiwa "ndiyo" kwa swali lolote kati ya haya, ni ushahidi dhaifu, na huenda maswali mengi ya mtihani wako yako katika kundi hilo.

Tulitazame moja kwa karibu. Swali lisemalo "Ipi kubwa, 2/5 au 3/5?" linajibika kwa kutazama 2 na 3 tu, bila kujua sehemu ni nini. "Ipi kubwa, 7/8 au 8/9?" linaonekana gumu zaidi, lakini mwanafunzi aliyefundishwa njia ya mkato atazidisha 7 kwa 9 apate 63, atazidisha 8 kwa 8 apate 64, ataandika 8/9, utampa alama zote, na hutakuwa umejua kitu. Sasa chukua namba zilezile na uulize hivi: "Mwanafunzi mmoja anasema 7/8 na 8/9 ni sawa, kwa sababu kila moja imebakiza kipande kimoja kufikia kizima. Amesema kweli wapi na amekosea wapi? Eleza bila kukokotoa." Kosa hilo si la kubuni; watoto hulifanya mara nyingi, na lina mantiki yake. Anayeelewa atasema kwamba ni kweli kimebaki kipande kimoja kila upande, ila kipande cha 1/9 ni kidogo kuliko kipande cha 1/8, kwa hiyo 8/9 imekikaribia kizima zaidi. Anayejua njia ya mkato peke yake atakwama, nawe utamwona alipokwama. Kuona alipokwama kuna thamani kubwa kuliko alama, kwa sababu kunakuambia kesho ufundishe nini.

Ongeza mengine ya aina hiyo, machache tu. Muulize 3/7 na 5/8 akikatazwa kutafuta asili ya pamoja. Atakayesema kwamba 3 haifiki nusu ya 7 ilhali 5 imepita nusu ya 8 ameshauonyesha uhusiano wa kiasi na asili bila wewe kumtajia neno uhusiano. Muulize kama robo ya kitambaa kimoja yaweza kuwa kubwa kuliko nusu ya kitambaa kingine, na kama ndiyo, iwe katika hali gani. Mwombe aonyeshe 5/4 kwenye mstari wa namba, maana wapo wengi wanaoamini kwamba sehemu haiwezi kuvuka 1. Maswali 4 au 5 ya namna hii yanatosha kwa mada nzima, na mimi huyaandika yote, pamoja na majibu ninayotarajia, kabla sijagusa shughuli yoyote.

Andika pia, kwa sentensi moja moja, jibu zuri likoje, jibu linalokaribia likoje, na jibu la anayebahatisha likoje. Usiruke hatua hiyo kwa kudhani utatambua jibu zuri ukiliona, kwani ukisahihisha madaftari 45 jioni, lile la 40 halisomwi kwa jicho lililosoma la 3. Na kumbuka lile swali la pili, kuhusu mwanafunzi anayeelewa lakini hawezi kueleza. Mtoto ambaye lugha ya kufundishia inampa shida anaweza kushindwa kuandika maelezo ilhali kichwani jambo liko sawa. Mruhusu achore, au aeleze kwa mdomo pembeni ya meza yako. Unachokipima ni sehemu, na ufasaha wake wa kuandika utaupima kwenye somo lake.

Ukishafika hapo, hatua ya tatu inakuwa nyepesi kuliko ulivyozoea, kwa sababu sasa una kigezo cha kuchagulia. Kila shughuli iulizwe kama inamwandaa mwanafunzi kwa ushahidi ule, na isiyomwandaa iondoke hata kama inapendwa. Duara zangu za karatasi hazikuondoka, ila zilibadilika sura. Niliacha duara nikachukua vipande virefu vya karatasi vyenye urefu uleule, kwa sababu vipande virefu vinalinganika vikiwekwa sambamba, na kimoja kilikunjwa kikagawanyika vipande 3 sawa, kingine vipande 4 sawa. Wanafunzi waliweka kivuli cha penseli kwenye 2/3 na 3/4, kazi ya dakika moja, kisha nikauliza: kipi kimekaribia zaidi kufika mwisho wa karatasi, na kwa nini, ilhali vyote vimebakiza kipande kimoja? Mabishano yaliyofuata yalichukua sehemu kubwa ya kipindi, na niliyaacha yaendelee. Angalia kwamba sikutumia 7/8 na 8/9, kwa sababu hizo nimezihifadhi kwa ajili ya upimaji. Ukifundisha swali lenyewe utapata kumbukumbu ya swali, na utarudi palepale ulipolalamikia, pa wanafunzi wanaoanguka umbo likibadilika.

Kipindi kingine kiwe na karatasi za urefu tofauti, makusudi, ili nusu ya moja ionekane ndogo kuliko robo ya nyingine na darasa lilazimike kuuliza "nusu ya nini?" Kingine kiwe cha mstari wa namba. Ile njia ya mkato ya kuzidisha iingie mwishoni mwa mada, wakati wanafunzi wana sababu ya kuiamini, na naona ni kosa kuitanguliza hata kama kitabu kimeitanguliza. Wapo walimu wenzangu wasiokubaliana nami hapo, wakisema njia hiyo huwapa wanyonge ujasiri. Ujasiri huwapa kweli, ila huwafungia pia mlango wa kujiuliza, kwa kuwa mtoto mwenye njia inayotoa jibu sahihi kila mara haoni tena sababu ya kufikiri.

Sasa muhtasari uliopangwa na muda usiotosha. Muhtasari haukuzuii, kwani unakuamulia eneo na mara nyingi idadi ya vipindi, ila hauwezi kukuandikia ile sentensi ya "kwamba", na hakuna anayekukataza kuiandika. Kuhusu muda, kosa ninaloliona kwa wanaoanza ni kujaribu kupanga hivi kwa kila kipindi cha kila siku, na baada ya wiki 2 wanachoka na kurudi walikotoka. Panga kwa mada, si kwa kipindi. Mada yenye vipindi 6 au 8 inahitaji sentensi moja ya matokeo na rundo moja la ushahidi, na maandalio ya kila siku yatachota humo. Kwa muhula huu chagua mada moja tu, ile inayoangusha wengi, nyingine ziendelee kama ulivyozoea. Na katika fomu yako ya andalio, bila kuibadilisha hata nukta, badilisha mpangilio wa kuijaza: jaza lengo, shuka moja kwa moja hadi sehemu ya tathmini na uandike swali lenyewe kwa maneno yake, kisha ndipo upande kwenye hatua za ufundishaji. Ukijikuta umeandika "maswali ya mdomo" au "kazi ya daftari" kwenye tathmini, jua bado hujaamua kitu.

Huenda mtu akakuambia kwamba huku ni kufundishia mtihani. Lawama hiyo ina uzito pale mtihani wenyewe unapokuwa mwembamba, kwa sababu ukipanga kinyumenyume kutoka kwenye maswali ya kukariri utazalisha ukariri kwa ustadi mkubwa kuliko zamani. Ndiyo maana nimekushikilia muda mrefu kwenye ushahidi. Lawama nyingine ni nzito zaidi, na imesemwa na watu waliofikiri sana. Wataalamu wa elimu Elliot Eisner wa Marekani, na baadaye Lawrence Stenhouse wa Uingereza mwaka 1975, walipinga wazo kwamba kila kinachofaa kufundishwa kinaweza kutajwa matokeo yake kabla. Mtoto anayesoma shairi au anayechora anaweza kufika mahali ambapo mwalimu hakupatarajia, na hapo ndipo penye thamani. Nakubaliana nao kwa masomo hayo, na singemwekea mwalimu wa sanaa kigezo cha jibu moja. Hata katika hisabati acha nafasi: siku moja mwanafunzi wangu aliuliza kama kuna sehemu iliyo karibu na 1 kuliko zote, na niliacha kila nilichokuwa nimepanga.

Uliuliza mwishoni kama wanafunzi waonyeshwe mapema watakachopimwa. Waonyeshe vigezo, usiwaonyeshe swali. Mwanzoni mwa mada waambie kwa lugha yao kwamba mwishoni watatakiwa waweze kumweleza mwenzao aliyekosea ni wapi amekosea, bila kukokotoa. Kisha wape majibu 3 ya maandishi kuhusu 2/3 na 3/4, moja zuri, moja linalokaribia na moja la kubahatisha, bila majina na bila alama, wayapange wenyewe na kutetea mpangilio wao. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo darasa liliweka juu kabisa lile jibu refu lililojaa hesabu, la kubahatisha, na jibu fupi lenye mchoro wa mistari miwili likawekwa chini. Nililiacha hivyo ubaoni bila kusahihisha. Katikati ya mada msichana mmoja aliyekaa nyuma aliomba ruhusa ya kuyapanga upya.